Mkono wenye nguvu katika gofu: maana yake na kazi yake

Mkono wenye nguvu ni ule unaoshikia kalamu na kurushia jiwe. Kwa wengi wetu ni wa kulia, na mchezaji wa kulia huuweka chini ya mwenzake kwenye mpini wa fimbo. Si lazima iwe hivyo kwa kila mtu: Phil Mickelson wa Marekani hutumia mkono wa kulia kwa mambo mengine, lakini gofu hucheza kishoto, kwa hiyo mkono wake wenye nguvu hukaa juu.

Wanaoanza huambiwa wausahau mkono huo, wa kushoto ndio uongoze. Naona ushauri huo umewanyima wengi umbali. Ben Hogan, mchezaji wa Marekani aliyeshinda US Open, mashindano makubwa ya gofu ya nchi hiyo, mara 4, alisema kwamba kwa upande wa nguvu angetamani awe na mikono mitatu ya kulia.

Kinachoharibu ni kuuharakisha. Mtazame mtu anayejua kufyeka majani. Fyekeo linaposhuka, kiwiko kinatangulia karibu na ubavu, kifundo cha mkono kimepinda kwa nyuma, na chuma kinakuja mwisho kabisa. Kikifika kwenye majani ndipo kinachapa. Akikinyoosha kifundo mapema, kule juu, chuma kinamaliza mbio hewani na majani yanainama tu bila kukatika. Fimbo ya gofu nayo ni hivyo hivyo. Anayeuachia mkono wa kulia tangu juu huchimba udongo nyuma ya mpira, au huugonga mpira utosini ukaenda ukitambaa.

Mshiko nao una neno lake. Fimbo ishikwe na vidole viwili vya kati vya mkono huo. Kidole gumba na cha shahada viguse tu, maana vikibana, mkono mzima unakakamaa hadi begani.

Kuufundisha mkono, chukua fimbo ya chuma namba 9, sogeza miguu karibu, kisha piga mipira ya hatua kama 20 kwa mkono wa kulia peke yake. Usitumie nguvu. Kifundo kikibaki kimepinda mpaka mpira uguswe, utasikia mlio mmoja mkavu, na nyasi zitakuwa zimekwanguliwa mbele ya pale mpira ulipokuwa. Zikikwanguliwa nyuma yake, mkono bado una haraka; punguza mwendo, urudie.