“Mfungeni tu, atatoka amepona”: dhana potofu kuhusu uraibu, korti na probesheni

Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa watu wenye uraibu hapa Mombasa, na wengi wao huletwa na amri ya korti. Haipiti wiki bila mzazi kuniambia maneno haya: mfungeni tu, atatoka amepona. Nimechoka kuyajibu kwenye veranda ya korti, ambapo mtu ana dakika tano na roho yake iko juu. Acha niyajibu hapa kwa kirefu. Dhana nyingine nitazipitia baadaye, kwa kuwa hizo hazinikoseshi usingizi.

Dhana: Jela humtoa mtu kwenye unga (heroini)

Picha yenyewe haibadiliki sana. Mama amekaa kwenye benchi, mfuko wa nailoni magotini, ndani mna sabuni, mkate na shuka. Kijana ameng'oa mita ya maji ya jirani akaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama hataki kusikia habari za dhamana. “Mwanangu, nakuomba kwa jina la Mungu, mwambie mheshimiwa amweke ndani mwaka mzima. Safari ile alikaa miezi sita, akatoka mashavu yamejaa.”

Mashavu ndiyo ushahidi wake, na sikatai kwamba yalijaa. Mtu wa heroini akikosa kipimo, arosto, yaani mateso ya mwili kuikosa dawa, humwanza kati ya saa nane na saa ishirini na nne tangu alipotumia mara ya mwisho. Atatoka jasho, atatapika, ataharisha, mifupa itamuuma asilale. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, na kufika siku ya kumi hivi mwili huwa umetulia. Baada ya hapo anakula, analala, ananenepa. Mtu yeyote angenenepa, maana pesa na saa zote zilizokuwa zikiishia kwenye kete sasa hazina pa kwenda.

Kilichoisha hapo ni arosto. Uraibu haujaguswa. Ubongo uliojifunza kwa miaka kwamba sehemu fulani, sauti fulani na watu fulani maana yake ni unga hausahau kwa kuwekwa mbali navyo. Ndiyo maana kijana aliyekaa miezi sita bila hata kuutaja anashuka kwenye matatu, anaona uchochoro wa maskani, na mikono inaanza kumtetemeka. Familia husema “ana kichwa kigumu”. Hapana. Hakuna aliyemtibu, alifungiwa mlango tu. Na hapo nasema kana kwamba ndani hakuingii kitu, hali magereza ya dunia nzima yana dawa za kulevya, na anayejidunga gerezani hushiriki sindano kwa kuwa hana njia nyingine. Wako wanaoingia na uraibu peke yake wakatoka na homa ya ini aina ya C juu yake.

Lakini si hilo linalonikasirisha. Linalonikasirisha ni kwamba imani hii inaua, na inaua wiki ile ile familia inaposherehekea.

Mwili unaotumia heroini kila siku hujenga uzoefu. Kiasi ambacho mimi au wewe kingetuzimisha pumzi, teja wa miaka mingi anakivuta na kuendelea na mazungumzo. Akikaa miezi bila kutumia, uzoefu huo unashuka, pengine hadi kurudi alikoanzia. Kumbukumbu haishuki nao. Anatoka, anakutana na wenzake, ananunua kipimo kile kile alichokuwa akitumia kabla ya kufungwa, maana ndicho anachokijua. Kipimo ni cha zamani na mwili ni mpya. Heroini hubana sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, basi pumzi inapungua, inapungua, hadi inakatika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watu waliotoka magerezani katika jimbo la Washington, Marekani, ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Sikukosea kuandika. Mia moja ishirini na tisa.

Na kifo chenyewe huja kimya, jambo linalofanya kisitambuliwe. Kijana amerudi, amepikiwa, ametoka kidogo “kuwasalimia wenzake”, amerudi kulala. Usiku anakoroma, mkoromo mzito wenye maji maji, tofauti na wa siku zote. Watu wanaambiana: mwacheni alale, amechoka na mambo ya jela. Mkoromo huo ni mtu anayekosa hewa. Ukimwita haitiki, ukimfinya hashtuki, midomo na kucha zimeingia rangi ya samawati au kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Usimmiminie maziwa mdomoni, wala maji ya chumvi, kwa maana mtu asiyejitambua hamezi, na hayo yatamwingia mapafuni. Kama hapumui au anapumua mara moja moja, mpulizie pumzi mdomoni huku mwenzako akitafuta gari. Anayepumua vizuri mlaze ubavu. Dawa ya kuizuia heroini isiue ipo, inaitwa nalokisoni, na kila kliniki ya methadone, dawa ya kunywa inayotumika kutibu uraibu wa heroini, inaijua. Iulizie kabla hujaihitaji.

Sasa, cha kufanya ni nini ikiwa mtu ameshafungwa? Tibu humo humo ndani, na uhakikishe matibabu hayakatiki mlangoni. Uingereza waliwafuata maelfu ya wafungwa wenye uraibu wa heroini na mfano wake, wakakuta kwamba waliotoka huku wakiwa kwenye dawa kama methadone walikufa pungufu kwa asilimia 75 katika wiki nne za kwanza kuliko waliotoka bila dawa. Jimbo la Rhode Island, Marekani, lilianza mwaka 2016 kutoa dawa hizo kwa kila mfungwa anayezihitaji, na vifo vya kuzidisha dawa miongoni mwa waliotoka karibuni vikapungua kwa asilimia 61. Hapa kwetu gereza la Shimo la Tewa lina kliniki yake ya methadone, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya.

Ushauri wangu ninaourudia hadi wenzangu wananicheka: siku ya kutoka, pita kliniki kabla ya kupita nyumbani. Biriani itangoja. Usimpe pesa mkononi siku hiyo, nauli mlipie wewe. Na kama tayari yuko kwenye methadone, piga picha kadi yake ya kliniki, iwe kwenye simu ya mama, ya dada, ya yeyote anayeshika simu usiku. Akikamatwa Ijumaa jioni, kadi hiyo ndiyo itakayomwambia askari na mganga wa gereza dozi yake ni ngapi na alikunywa lini. Akikosa siku tatu mfululizo, dozi haiwezi kurudishwa vile vile ilivyokuwa, lazima ipitiwe upya, kwa sababu ile ile ya uzoefu kushuka. Nimeona matibabu ya miezi mingi yakivurugika kwa wikendi moja ya seli, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Dhana: Methadone ni unga wa serikali

Hii huja na tabasamu la mtu anayedhani amekushika. “Si mmembadilishia tu?”

Heroini hupanda na kushuka ndani ya saa chache, ndiyo maana teja huhangaika mara tatu au nne kwa siku, na kuhangaika huko ndiko kunakompeleka kwenye mita za maji. Dozi moja ya methadone hukaa mwilini zaidi ya saa 24. Hunywewa mbele ya mhudumu, haidungwi, na dozi ikishakaa sawa mtu hapati stimu wala arosto. Anakwenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kuitoa mwaka 2011, Kenya tukaanza Desemba 2014 pale hospitali ya Mathari, Nairobi, na Malindi ikafuata mwaka uliofuata.

Swali la “atamaliza lini?” naliogopa kuliko lile la kubadilishiwa. Kuna wanaopunguza dozi mbio mbio ili wamfurahishe baba mkwe au hakimu, na wengi wao nawaona tena maskani. Anayetaka kushuka ashuke polepole, akiwa na kazi au shughuli ya kumshika, na kwa mpango wa daktari. Asiyetaka kushuka, mwacheni. Ila nikuonye hapa kwa ukali: methadone pamoja na bugizi (vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi) au pombe ni hatari ya kweli, zote zinabana pumzi. Hilo wateja wangu wanalijua na baadhi wanalifanya.

Dhana: Amepewa probesheni, basi ameachiliwa

Hajaachiliwa. Probesheni ni kukaa nje ya jela kwa masharti, chini ya uangalizi wa afisa. Kwa sheria yetu, Sura ya 64, amri ya probesheni ni ya miezi sita hadi miaka mitatu. Hakimu lazima amweleze mshtakiwa kwa lugha anayoielewa masharti yake ni yapi na akiyavunja itakuwaje, na mshtakiwa lazima akubali mwenyewe. Akivunja masharti anaweza kurudishwa kortini na kuhukumiwa kwa kosa lile la mwanzo. Amri ya huduma kwa jamii ni jambo jingine, hiyo iko chini ya sheria ya 1998, nayo ni kufanya kazi ya umma bila malipo. Watu huzichanganya, na hata mawakili wengine huzitaja kama pacha.

Linalonivutia mimi kwenye probesheni ni muda. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya imesema kwa miaka mingi kwamba matibabu ya chini ya siku 90 hayafiki mbali, na kwa methadone miezi 12 ndiyo ya kuanzia kuhesabu. Linganisha na kifungo cha mwezi mmoja kwa kuiba sufuria, ambacho kinatosha kushusha uzoefu wa mwili na hakitoshi kutibu chochote. Kama afisa wa probesheni anakuja nyumbani kuandika ripoti yake, mwambieni ukweli kuhusu uraibu wa kijana. Familia humficha zikidhani zinamlinda, kisha ripoti inaingia kwa hakimu bila neno moja kuhusu matibabu.

Na ombi dogo kwa maafisa: siku za kuripoti ziwekeni mchana. Asubuhi watu wako foleni ya dozi.

Dhana: Asipotaka mwenyewe, matibabu ni bure

Nusu kweli. Wengi niliowaona wakisimama imara hawakuja kwa hiari safi, waliletwa na hofu ya jela, au mke aliyefungasha. Hamu huja njiani, mtu anapolala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Msukumo wa korti, wenye chaguo na wenye mwisho unaojulikana, unafanya kazi. Kumfungia mtu kwa nguvu mahali na kumwita mgonjwa ni jambo jingine kabisa, na mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitaka vituo vya namna hiyo vifungwe. Soba house, yaani nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, ikiwa inamfungia mteja kwa kufuli, kimbia.

Dhana: Akiteleza mara moja, amri imevunjika

Kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia wakati fulani, kiwango kisicho mbali na cha wagonjwa wa presha au pumu wanaolemewa tena. Kuteleza kunaitaka dozi iangaliwe na ratiba ibanwe. Anayeficha ndiye anayenipa wasiwasi.

Kuhusu mkojo: heroini huonekana kwa siku mbili tatu hivi. Bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo usimhukumu kwa ya mwezi uliopita. Methadone haionekani kwenye kipimo cha kawaida cha afyuni, ina chake. Ikisemekana “mkojo ulisoma unga kwa sababu ya methadone”, mtu anakudanganya au amedanganywa.

Dhana: Wa pombe hana shida, seli itamkausha

Hapa mambo yamegeuzwa kichwa chini. Arosto ya heroini inatesa lakini ni nadra kuua mtu mzima mwenye afya, ilmradi asikaukiwe na maji. Ya pombe inaua. Mtu wa chang'aa ya kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, moyo ukienda mbio na homa ikipanda. Askari wanadhani ana wazimu au anaigiza. Wa bugizi wa muda mrefu hali ni ile ile, ila inaweza kuchelewa zaidi. Huyo ni wa hospitali, apewe dawa ya kumtuliza na vitamini B1.

Kwa hiyo ndugu yako mnywaji akikamatwa, usiende kituoni na mkate peke yake. Mwambie askari wa zamu aandike kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, kwamba mtu huyu hunywa kila siku, alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, na kama amewahi kuanguka kifafa. Kisha rudi kesho asubuhi, uitishe kumwona kwa macho yako, na utazame mikono yake kama inatetemeka.