Saa janja: inapima nini na inakisia nini

Saa janja ni kompyuta ndogo ya kuvaa mkononi. Ina kioo cha kugusa, betri ya kuchaji na vihisi kadhaa: vingine vinafuatilia mkono unavyosogea, vingine vimekaa upande wa chini vikiimulika ngozi. Nyingi huunganishwa na simu kwa Bluetooth, ambayo kwa kawaida hufika kama mita 10 hivi, na simu ikibaki nyumbani zinabaki kuhesabu hatua na kuonyesha muda. Chache zina laini ndani yake na hupiga simu zenyewe.

Tofauti yake na zile saa za kidijitali za zamani, hata zile zenye kikokotoo, ni kwamba hii inapokea habari kutoka pande mbili: simu yako na mwili wako. Habari za simu inazileta kama zilivyo. Habari za mwili, kwa sehemu kubwa, inazikisia. Mtu akiishika tofauti hiyo atafaidika na saa yake bila kudanganyika nayo, ndiyo maana naieleza hapa kwa kirefu.

Zilianza kusikika kweli mwaka 2012, pale mradi wa saa iliyoitwa Pebble ulipochangiwa zaidi ya dola milioni 10 na watu wa kawaida kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha. Samsung ikaleta Galaxy Gear mwaka 2013, na Apple Watch ikaingia sokoni Aprili 2015. Leo ukipita Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, unakuta za Huawei, Xiaomi, Amazfit na Oraimo, na pembeni yake rundo la saa zisizo na jina ambazo zinafanana na zile za bei kubwa kwa sura tu.

Ukiwatazama watu wanavyozitumia siku hadi siku, kazi ya kwanza si afya. Ni kujua nani kapiga na nani kaandika bila kutoa simu. Kwenye daladala iliyojaa, au ukikatiza Posta jioni, simu inayotolewa mfukoni ni simu inayoweza kuporwa. Saa ikitetemeka unaitupia jicho, ukiona ni jambo la kusubiri unaendelea na safari yako. Mama lishe aliyejaa unga wa chapati mikononi, mteja akimlipa kwa M-Pesa, anageuza mkono na kusoma mistari ya mwanzo ya ujumbe: kiasi gani, kutoka kwa nani. Hapo lakini kuna la kuangalia. Matapeli hutuma ujumbe wa uongo ulioandikwa sawasawa na ule wa kampuni, ila unatoka kwenye namba ya mtu binafsi. Kwenye kioo kidogo ni rahisi macho kukimbilia kiasi na kuruka jina la mtumaji lililo juu. Kwa hela ndogo, soma jina hilo kwanza. Kwa hela nyingi, nawa mikono, fungua simu, angalia salio.

Waendesha bodaboda nao wanazipenda kwa sababu hiyohiyo, ila kwao nasema wazi: kusoma mkononi ukiwa kwenye mwendo ni hatari kama kusoma simu. Barabara inataka macho yote mawili.

Waislamu wengi wanazitumia kwa vipindi vya sala. Programu inachukua mahali ulipo, inakokotoa nyakati tano kufuatana na jua la mji huo, na saa inatetemeka kimya hata ukiwa kikaoni. Mwezi wa Ramadhani mtetemo wa daku unamwamsha mmoja bila kuamsha nyumba nzima. Baadhi zina dira ya kuonyesha kibla, na dira hiyo hupotoshwa na chuma, kwa hiyo usiiamini ukiwa ndani ya gari au karibu na kabati la bati. Wakati wa kutawadha inavuliwa au kusogezwa, maana maji yanatakiwa yafike ngozi yote ya mkono hadi kwenye kiwiko. Mwenye kuivua mara kwa mara achague mkanda mwepesi kufungua.

Sasa tuje kwenye mwili, ambako ndiko penye maneno.

Hatua zinahesabiwa na kihisi cha mwendo. Kihisi hicho hakijui mguu. Kinachojua ni kwamba mkono umeyumba kwa mpigo fulani, kisha programu inaamua kwamba mpigo huo ni hatua. Ndiyo sababu mtu anayesukuma mkokoteni kutoka sokoni, mikono imeshika mpini, anaweza kumaliza safari ndefu na saa ikampa hatua chache mno. Kinyume chake, aliyekaa kwenye mbuzi akikuna nazi, au anayefua nguo kwa mkono, huweza kuongezewa hatua ambazo miguu yake haikupiga. Saa nzuri zinachuja sehemu ya makosa hayo, lakini si yote. Kalori ni za kukisia zaidi, kwa sababu zinatokana na hatua, mapigo ya moyo, na uzito na umri uliouandika mwenyewe ulipoiwasha mara ya kwanza. Usiongeze sahani ya wali kwa sababu saa imesema umechoma kalori kadhaa.

Na lile lengo la hatua 10,000 linalowanyima watu raha? Halikutoka hospitalini. Lilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliofuatilia zaidi ya wanawake 16,000 wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulikuta kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500 kisha ikatulia. Mama mzee anayefika 5,000 hana sababu ya kujiona ameshindwa.

Mapigo ya moyo yanasomwa kwa mwanga. Geuza saa usiku ukiwa umeivaa kwa kulegea, utaona taa za kijani zikimulika chini yake. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa kidogo zaidi kwenye mishipa ya mkono na mwanga unaorudi unapungua; damu ikipungua, mwanga unaorudi unaongezeka. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko. Kwa mtu aliyetulia hesabu hii huwa karibu sana na ukweli. Ukianza kukimbia, kufyeka au kunyanyua vitu vizito, saa inacheza kwenye ngozi na hesabu inayumba. Mchoro wa tatuu kwenye kifundo cha mkono nao huziba mwanga. Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, ikibana bila kuacha alama.

Namba yenye thamani kubwa hapa, kwa maoni yangu, ni mapigo ya wakati wa kupumzika. Kwa mtu mzima kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika, na wanamichezo huweza kushuka hadi 40 na kitu. Usijilinganishe na jirani. Jilinganishe na wewe wa wiki zilizopita. Ikiwa yako hukaa 64 na ghafla kwa siku mbili imekuwa 78, mwili una jambo: uchovu, maji kidogo, msongo, au homa inayoanza. Joto la mwili likipanda nyuzi 1, mapigo nayo huongezeka kwa takribani 8 hadi 10 kwa dakika. Saa haiwezi kukuambia kama ni malaria. Inachoweza ni kukufanya uende kwenye kipimo cha haraka leo badala ya keshokutwa, na hilo si dogo.

Kuhusu oksijeni kwenye damu, inayosomwa kwa mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho, sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kuwa makini zaidi. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kuhusu vile vipimo vya kubana kidole vinavyotumika hospitalini: kwa wagonjwa weusi, kifaa kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kama kifaa cha hospitali kilikosea hivyo, saa inayosoma mwanga uliorudi kutoka kwenye kifundo cha mkono haistahili kuaminiwa zaidi. Mtu anahema kwa shida na saa inasema asilimia 97? Mpeleke hospitali.

Sasa linalonisumbua kuliko yote: saa zinazouzwa kwa maneno kwamba zinapima sukari na presha kwa taa tu. Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Hakuna hata moja. Hata hivyo saa hizo zimejaa sokoni, na kioo chake kinaonyesha namba nzuri zenye nukta, kama vile zimetoka maabara. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini kwa kufuata namba hiyo anaweza kushusha sukari hadi akazirai, na hata kufa. Kuna kitu kingine tofauti ambacho kinafanya kazi kweli: kihisi chenye sindano nyembamba kinachobandikwa kwenye mkono au tumbo, kinachosoma sukari chini ya ngozi na kuituma kwenye simu. Hapo saa inaonyesha tu kilichopimwa kwingine. Ukiambiwa saa inapima sukari, uliza sindano iko wapi.

Presha ina hadithi ndefu kidogo. Zipo saa chache ambazo mkanda wake unajaa hewa na kubana mkono kama kile cha kliniki. Zipo za kampuni kubwa zinazotumia mwanga, lakini zinakutaka uanze na mashine ya mkanda wa hewa, uiingizie saa namba zake, na urudie zoezi hilo kila siku 28. Saa ya bei chee isiyokuuliza chochote kisha ikakupa 120 kwa 80 inakisia. Wanaobaini wazazi wao wana presha, wawanunulie mashine ya mkanda wa hewa, ndipo waifikirie saa.

Upande wa moyo kuna hatua ya kweli iliyopigwa. Tangu 2018 baadhi ya saa zimeruhusiwa na FDA kurekodi umeme wa moyo, ile ECG ya hospitali lakini ikiutazama moyo kwa upande mmoja tu badala ya pande kumi na mbili: unaweka kidole cha mkono wa pili kwenye kitufe, unatulia sekunde 30. Saa hizo pia zinaweza kuonya moyo ukipiga bila mpangilio, hali ambayo huweza kugandisha damu na kuleta kiharusi. Utafiti wa watu zaidi ya 400,000 nchini Marekani ulionyesha kuwa waliopata onyo walikuwa wachache mno, karibu nusu ya asilimia 1, na miongoni mwa wale waliovaa kifaa cha uchunguzi baadaye, theluthi moja walikutwa nayo kweli. Kwa hiyo onyo ni sababu ya kumwona daktari. Ukimya wa saa nao si cheti cha uzima. Haiwezi kutambua shambulio la moyo.

Usingizi nitaupitia haraka. Umelala kwa muda gani, saa inajua kwa kiasi kizuri, kwa kuwa mkono umetulia na mapigo yameshuka. Usingizi mzito, mwepesi na wa ndoto hupimwa kwa mawimbi ya ubongo, na saa haigusi ubongo.

Wakimbiaji ndio wanaozitumia kwa undani zaidi. Iten, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,400 huko Kenya, alfajiri utawaona wakianza mbio kwa kubonyeza saa, kisha wakisoma dakika kwa kila kilomita. Umbali huo unatoka kwa setilaiti za GPS, kwa hiyo ni wa kuaminika. Saa isiyo na GPS yake hutumia ya simu, na simu isipokuwepo inazidisha hatua kwa urefu wa hatua inaoukisia.

Njia unayokimbia nayo ni siri yako. Januari 2018 iligunduliwa kuwa ramani iliyochapishwa na Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iliyochorwa kutokana na mazoezi ya watumiaji, ilionyesha wazi njia ndani ya kambi za kijeshi, kwa kuwa askari walikimbia na saa zao. Kwako wewe, ramani kama hiyo inaonyesha nyumba yako na muda unaotoka. Weka kwenye mipangilio sehemu ya kuanzia isionekane. Taarifa za afya, zikiwemo za mzunguko wa hedhi ambazo wanawake wengi huandika humo, zinalindwa kama taarifa nyeti na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kukuwekea nywila.

Maji huua saa nyingi. Maandishi ya 5 ATM kwenye saa yanamaanisha mgandamizo wa maji yaliyotulia ya kina cha mita 50, si ruhusa ya kuzamia. Sabuni na maji ya moto hulegeza mpira wa ndani unaozuia maji, na ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi ya bomba. Jasho la pwani likikaa chini ya mkanda huleta vipele, basi ivue usiku mmoja mmoja, uioshe, uikaushe. Na ukitaka kuiuza au kumpa ndugu, itenganishe na simu, ingia kwenye mipangilio uifute kabisa, ndipo uitoe mkononi.