Mke Anapompiga Mume: Chanzo Chake Hutafutwa Wapi?

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Malindi, mwanamume aliyepigwa na mkewe hutanguliza habari za presha au kukosa usingizi, na alama ya meno iliyo kigashani huifunika kwa mkono wa kanzu mpaka niiulizie. Aibu hiyo huwafanya wengi waamini kuwa jambo hili ni nadra. Uchambuzi wa mwanasaikolojia John Archer wa mwaka 2000, uliojumlisha tafiti nyingi, hasa za Marekani, ulionyesha kuwa wanawake huwapiga wenzi wao kwa kiwango kinachokaribiana na cha wanaume, hata kuwazidi kidogo, ilhali miongoni mwa walioumizwa wanawake walikuwa asilimia 62. Anayetaja nusu moja ya matokeo hayo na kuiacha ya pili ana lake jambo.

Kichocheo ninachokitafuta kwanza ni kama mke naye hupigwa. Mama mmoja aliyemrushia mumewe birika la chai alisema ni hasira tu, basi. Tulipoyarejea ya wiki nzima, mume mwenyewe akakiri kwamba Ijumaa alimbamiza mlangoni mbele ya watoto, naye hakuwa amelihesabu hilo kuwa ni kupiga.

Hata hivyo, si kila mke anayepiga hujihami. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, unaowafuatilia watu waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, ulibaini kuwa wasichana waliokuwa na ukorofi mkubwa tangu ujanani walielekea zaidi kuwapiga wenzi wao walipofikia umri wa miaka 21. Kukulia penye vipigo, ulevi, sonona na wivu wa kupindukia huongeza hatari hiyo, na mara nyingi huandamana. Ukewenza, unaolaumiwa sana barazani, mimi naona hubebeshwa lawama kupita kiasi: wengi ninaowapokea hugombana kwa shuku za simu na pesa za matumizi, na mke wa pili hayupo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani haibagui mume na mke, kwa hiyo mume naye anaweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi. Wengi hupendelea kwanza suluhu ya wazee, nami siipingi, mradi kila mmoja asikilizwe peke yake kabla ya kikao, kwa kuwa anayeogopa hasemi kweli mbele ya anayemwogopa, awe mume au mke.