Mathilde: mwamba mweusi ulio nusu mtupu

Kwa zaidi ya miaka 110 Mathilde ilikuwa nukta ya mwanga tu, kama zilivyo asteroidi nyingi, yaani miamba inayozunguka Jua, za ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwanaastronomia Johann Palisa aliigundua akiwa Vienna tarehe 12 Novemba 1885, kwa jicho lake kwenye darubini. Upigaji picha ulikuwa haujaingia katika kazi hii. Ilibidi kukesha ukilinganisha nyota na ramani, mpaka uipate ile moja inayohama. Palisa aligundua 122 kwa njia hiyo, na kila nikiikumbuka hesabu hiyo namvulia kofia. Hii ya Mathilde ilipewa namba 253, na jina la mke wa Moritz Loewy, mwanaastronomia wa Paris.

Tarehe 27 Juni 1997 chombo cha anga cha NEAR, kikiwa safarini kwenda asteroidi Eros, kiliipita kwa umbali wa kilomita 1,212. Picha zikaonyesha mwamba wenye kipenyo cha wastani wa kilomita 53, mweusi kupindukia: hurudisha takribani asilimia 4 tu ya mwanga wa Jua. Kwa weusi huo, kasoko zake, yaani mashimo yaliyoachwa na mawe yaliyoigonga, zimepewa majina ya maeneo ya makaa ya mawe duniani, kama Karoo, Ishikari na Damodar.

Lakini kinachonivutia zaidi ni uzito wake. Mathilde ilipokivuta chombo kile, mwendo wa chombo ulibadilika kidogo sana, na badiliko hilo likasomeka katika mawimbi ya redio yaliyofika Duniani. Hapo ikapatikana masi yake. Ukiigawanya kwa ujazo uliokadiriwa kutokana na picha, unapata gramu 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Vimondo vyenye kaboni, vinavyofanana nayo kwa rangi, vina msongamano wa karibu mara mbili ya huo. Kwa hiyo karibu nusu ya Mathilde ni nafasi tupu. Usifikirie pango moja kubwa. Fikiria kifusi kilicholundikana, kimejaa mianya.

Mianya hiyo ndiyo iliyoiokoa, kwa maoni yangu. Kasoko ya Karoo ina upana wa kilomita 33 hivi, zaidi ya nusu ya kipenyo chenyewe! Mwamba mgumu ungepasuka vipande kwa pigo kama hilo, au walau mtikisiko ungezifuta kasoko za jirani. Za Mathilde zimekaa bega kwa bega, kingo zake zikiwa bado wazi. Piga ngumi mto wa sufi: unabonyea pale pale, kwingine hakutikisiki. Naona mawe yaliyoigonga yaliishindilia tu.

Mathilde hujizungusha mara moja kwa siku 17.4, polepole mno kwa asteroidi. NEAR ilipita haraka, ikaona uso mmoja. Kasoko za upande wa pili hakuna aliyeziona mpaka leo.