Chakula Kabla ya Mazoezi ya Alfajiri: Dhana Potofu na Ukweli

Anayeamka saa 11 alfajiri ili akimbie kabla ya kwenda kazini hupewa mashauri mawili yanayopingana. Wapo wanaomwambia asitie chochote mdomoni kwa kuwa tumbo tupu ndilo linaloyeyusha mafuta, na wapo wanaomwonya kwamba asipokula kwanza ataanguka njiani. Kila shauri lina chembe ya ukweli, na pengine ndiyo sababu yote mawili hayafi, lakini yote hupotoka pale yanapofanywa kuwa kanuni ya watu wote na ya mazoezi ya kila aina.

Tuanze na hofu ya kuanguka. Wengi huamini kwamba mwili uliolala kwa muda wa saa nane bila chakula umekwisha nguvu. Mwili huweka akiba ya wanga kwa umbo la glikojeni katika ini na katika misuli. Ini la mtu mzima hubeba gramu 100 hivi, na misuli yote kwa jumla hubeba gramu 400 hivi. Usiku kucha ini hutoa sukari taratibu ili ubongo usikose chakula, kwa hiyo alfajiri akiba yake huwa imepungua sana. Akiba ya misuli, kwa upande wake, hubaki karibu kama ilivyokuwa wakati wa kulala, kwa sababu misuli haiwezi kuirudisha sukari yake kwenye damu ili itumike kwingine. Hivyo mtu aliyekula wali na maharage usiku uliotangulia, akashiba, huamka akiwa na nishati ya kutosha kwa mchakamchaka wa dakika 30 au hata 60 bila kugusa chakula. Aliyelala na njaa, au aliyekula kachumbari tu kwa kisingizio cha kupunguza mwili, hayumo katika hesabu hii, na kizunguzungu chake cha asubuhi kina asili yake jioni. Mambo hubadilika pia kwa anayekwenda zaidi ya saa moja au anayekimbia kwa vipindi vya kasi: huyo hufaidika kwa kula kitu kabla ya kuanza.

Dhana yenye wafuasi wengi zaidi ni ile ya tumbo tupu na mafuta. Ni kweli kwamba mtu anapofanya mazoezi kabla ya kula, kiwango cha insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, huwa chini mwilini, na sehemu kubwa zaidi ya nishati anayotumia wakati ule hutoka kwenye mafuta. Kosa liko katika kuichukua saa moja ya mazoezi kana kwamba ndiyo siku nzima. Mwili uliotumia mafuta mengi asubuhi huelekea kutumia wanga zaidi katika saa zinazofuata, na mwisho wa hesabu kinachoamua kupungua kwa mafuta ni tofauti kati ya nishati iliyoingia na iliyotoka kwa siku na kwa majuma. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwagawa wanawake vijana 20 katika makundi mawili, wote wakiwa kwenye mlo wa kupunguza uzito na wakifanya mazoezi ya saa moja mara tatu kwa wiki. Kundi moja lilipewa kinywaji cha lishe kabla ya mazoezi na lingine baada yake. Baada ya wiki nne makundi yote mawili yalikuwa yamepungua uzito, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Utafiti huo ulikuwa mdogo na wa muda mfupi, lakini hauwapi nguvu wanaoitangaza njaa ya asubuhi kama dawa. Wala maji ya moto yenye ndimu hayayeyushi mafuta. Ni maji, na faida yake ni ya maji.

Wanaotetea tumbo tupu hupenda kutoa mfano wa Iten, mji ulioko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari katika kaunti ya Elgeyo Marakwet nchini Kenya, ambako makundi ya wanariadha huonekana barabarani saa 12 asubuhi kabla ya kifungua kinywa. Mfano ni wa kweli, ila husimuliwa nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanariadha 10 wa daraja la juu, waliokuwa wamepiga kambi katika nyanda hizohizo za Bonde la Ufa, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao, asilimia 76.5, ilitokana na wanga. Ugali peke yake ulichangia asilimia 23 hivi, na sukari, ambayo kwa kiasi kikubwa hunywewa ndani ya chai ya maziwa, asilimia 20 hivi. Mtu wa namna hiyo hakimbii akiwa na njaa kwa maana tunayoielewa sisi. Amelala na sahani ya ugali tumboni, na akirudi kutoka kwenye mbio anasubiriwa na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha na mkate. Anayeiga saa ya kukimbia bila kuiga ugali wa jana ameiga nusu iliyo rahisi.

Kwa anayehitaji kula kabla, swali la muda hujibiwa na ukubwa wa mlo. Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wengi wa lishe ya michezo ni gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito wa mwili, saa 1 hadi 4 kabla ya mazoezi, na kadiri muda unavyokuwa mfupi ndivyo kiasi kinavyopungua. Mlo wa saa nne kabla haumhusu mkimbiaji wa saa 11 alfajiri, kwani ingembidi aamke saa 7 usiku kuula. Kinachomfaa ni kiasi cha chini: mwenye kilo 60 atatosheka na gramu 60 za wanga, yaani ndizi mbivu mbili za ukubwa wa kati pamoja na kikombe cha chai yenye kijiko kidogo cha sukari, saa moja kabla. Akiwa na nusu saa tu, ndizi moja au tende chache zinatosha, na aliyewahi kufungua saumu kwa tende hahitaji kuelezwa jinsi zinavyofanya kazi haraka. Chapati, maandazi, vitumbua na supu ya nyama yenye mafuta hukaa tumboni muda mrefu, kwa sababu mafuta hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga. Maharage nayo huleta gesi. Klabu za mbio za mwisho wa wiki jijini Dar es Salaam zimepatia katika jambo hili, maana supu na chapati huja baada ya mbio.

Kuhusu sukari, inasemekana kwamba ukiila kabla ya mazoezi itapanda kisha ishuke ghafla na kukuacha hoi. Hofu hiyo ilienezwa na utafiti wa mwaka 1979, ambapo waendesha baiskeli waliopewa gramu 75 za glukosi nusu saa kabla walichoka mapema. Tafiti nyingi zilizofuata hazikuona madhara hayo, kwa kuwa mshuko huo huwa wa muda mfupi. Wachache huuhisi kweli, na hao hufaa wale dakika tano au kumi tu kabla ya kuanza mazoezi.

Mayai mabichi, yanayopendwa sana na vijana wa kunyanyua vyuma, hayana ubora wanaodhaniwa kuwa nao: kipimo kimoja kilichofanywa mwaka 1998 kilionyesha kwamba mwili ulitumia asilimia 91 hivi ya protini ya yai lililopikwa, na asilimia 51 tu ya yai bichi, mbali na hatari ya vijidudu vya salmonela. Kahawa ya asubuhi haikaushi mwili wa aliyeizoea, na kafeini yake husaidia kweli katika mazoezi.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya aina ya glibenklamidi hapaswi kufuata ushauri wowote wa tumbo tupu kabla ya kuzungumza na daktari wake. Apime sukari ya damu kabla ya kutoka nyumbani; akikuta kipimo kiko chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza gramu 15 hadi 30 za wanga, na mfukoni abebe peremende au glukosi.