Saizi kulingana haimaanishi bakapu iko sawa
Kuna ile meseji huzungushwa kwa magrupu ya watu wa cyber hapa Kisumu, ati ukikopi mafaili kwa flashi na saizi ilingane basi futa tu za kwa kompyuta. Si kweli. Saizi huhesabu baiti, haijui ndani kuna nini. Watu huchanganyikiwa juu cp (komandi ya kukopi mafaili kwa Linux) ikimaliza bila kulalamika inakaa kazi imeisha, kumbe data zingine bado ziko kwa memori, so andika sync (inasukuma hizo data zote ziandikwe kwa flashi), toa flashi vizuri, irudishe, halafu andika diff -r (inalinganisha yaliyo ndani ya mafaili) na majina ya folda zote mbili, ya kompyuta na ya flashi, ikinyamaza ujue zinafanana. Hata rsync, programu ingine ya kukopi, huangalia saizi na tarehe tu mpaka uiongezee -c ndio icheki yaliyo ndani. Hiyo meseji tafadhali usiiforwadi, na aliyekutumia mwambie polepole.