Wilson alikuwa mwanamke, na mambo mengine tunayokosea kuhusu wanawake na ndege

Uliza watu kwenye matatu ya Langata Road huyu Wilson wa Wilson Airport alikuwa nani. Utaambiwa ati alikuwa mwanajeshi wa kikoloni, mwingine atasema gavana, mwingine waziri mkuu wa Uingereza, na wote wanaongea kwa uhakika kabisa. Ukweli ni kwamba Wilson alikuwa mwanamke. Anaitwa Florence Kerr Wilson, mjane mlowezi aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways hapa Nairobi tarehe 31 Julai 1929 na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth, rubani wake akiwa Tom Campbell Black. Kampuni ikakua, ikabeba barua na abiria Afrika Mashariki, mpaka Vita vya Pili vya Dunia vikafika na ndege zikachukuliwa na jeshi. Uwanja wenyewe ulikuwa unaitwa Nairobi West, jina la Wilson lilikuja 1962.

Naanza na hiyo juu inaniuma. Nilipoenda kusalimia ndugu zangu kule Ohio, Marekani, nilipitia makumbusho madogo ya Cleveland yanayoitwa International Women's Air & Space Museum, na tangu nirudi nimekuwa nikibishana na watu kuhusu haya mambo, kwa chama, kwa salon, hata kanisani baada ya misa. Nimeona afadhali niyaandike: kwanza maneno ninayoambiwa, halafu jibu langu.

"Makumbusho madogo hayana kitu, dakika kumi umemaliza."

Ukienda ukitafuta ndege zimening'inizwa darini kama yale makumbusho makubwa ya Washington, kweli utamaliza haraka. Haya yako ndani ya uwanja wa ndege wa Burke Lakefront, kando ya Ziwa Erie, karibu na makumbusho ya muziki, ile Rock & Roll Hall of Fame, na vitu vimepangwa palepale kwa jengo la abiria. Kiingilio hakuna. Yalianzia mji mdogo wa Centerville hukohuko Ohio, yakahamia Cleveland 1998. Sasa raha ya makumbusho ya aina hii iko kwa kusoma. Chagua mtu mmoja, simama, soma kila kitu kilichoandikwa kumhusu, angalia sura yake kwa picha, halafu ndio uende kwa mwingine. Mwenye anakimbia akipiga selfie atatoka bila kitu, na si makosa ya makumbusho.

Na kuwa Cleveland kuna maana yake. Agosti 1929 wanawake marubani walipaa kutoka Santa Monica, California, wakashindana kuvuka Marekani kwa siku tisa, na mwisho wa mbio ulikuwa Cleveland. Mmoja wao, Marvel Crosson, alikufa njiani huko Arizona, na mara moja watu wakaanza kupiga kelele mbio zisimamishwe, ati si unaona wanawake hawawezi. Wenzake wakakataa kusimama. Louise Thaden akashinda, Amelia Earhart akawa wa tatu. Hebu weka tarehe pamoja: Florence Wilson anafungua kampuni Nairobi mwisho wa Julai, hawa wanapaa katikati ya Agosti, halafu tarehe 2 Novemba mwaka huohuo marubani wanawake wanakutana karibu na New York kuanzisha chama chao, Ninety-Nines, jina lililotokana na wanachama 99 wa mwanzo. Yaani hii yote ni miezi mitatu na siku chache tu ya 1929.

"Wanawake waliingia kwa ndege juzijuzi, baada ya wanaume kuwafungulia mlango."

Hapana. Orville Wright na nduguye Wilbur walirusha ndege yao Desemba 1903. Raymonde de Laroche, Mfaransa, alipata leseni ya urubani tarehe 8 Machi 1910, wa kwanza kati ya wanawake duniani. Hata miaka saba haijaisha, na wakati huo wanaume wenye leseni wenyewe walikuwa wa kuhesabika. Na Afrika hatukungoja karne hii. Lotfia El Nadi wa Misri alipata leseni 1933, na alikuwa anafanya kazi palepale kwa shule ya urubani ili aweze kulipia masomo. Melody Danquah wa Ghana alirusha ndege peke yake Juni 1964, nchi yake ikiwa na miaka saba tu ya uhuru. Hizo tarehe zipo, ni sisi hatujaziweka kwa vitabu vya watoto wetu.

Huyu sasa lazima nikae naye kidogo: Bessie Coleman. Alizaliwa Texas 1892 kwa familia maskini ya wakulima, akahamia Chicago, akawa anatengeneza watu kucha kwa kinyozi. Akataka kuwa rubani. Shule za Marekani zikamkataa, kwanza ni mweusi, halafu ni mwanamke. Watu wengi wakisikia hiyo story wanafikiria basi kuna mtu mwema alimwonea huruma akamfundisha. Haikuwa hivyo. Alisoma Kifaransa, akaweka akiba, mwenye gazeti la Chicago Defender, Robert Abbott, akamtia moyo aende ng'ambo, akapanda meli mpaka Ufaransa na kujiunga na shule ya Caudron huko Le Crotoy. Tarehe 15 Juni 1921 akapewa leseni ya kimataifa, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuipata. Aliporudi akawa anafanya maonyesho ya ndege, na alikataa kuruka mahali ambapo watu weusi walilazimishwa kuingilia lango lao tofauti. Alikufa 30 Aprili 1926 Jacksonville, Florida, akianguka kutoka kwa ndege wakifanya majaribio, akiwa na ndoto ya kufungua shule ya urubani ya watu weusi. Miaka 34. Mimi nikimfikiria huwa nashindwa kusikiliza mtu akisema ati wasichana wa zamani hawakuwa na hamu ya hizi kazi.

"Amelia Earhart ndiye mwanamke wa kwanza kuzunguka dunia kwa ndege."

Hii ndio nasikia kuliko zote. Earhart alikuwa shujaa, hilo sipingi: Mei 1932 alivuka Atlantiki peke yake, wa pili duniani baada ya Lindbergh. Lakini safari ya kuzunguka dunia hakumaliza. Alipotea tarehe 2 Julai 1937 juu ya Pasifiki akitafuta kisiwa cha Howland, na hakuwa peke yake, alikuwa na Fred Noonan wa kumwongoza njia. Mwenye alimaliza, tena peke yake kabisa, ni Jerrie Mock, mama wa watoto watatu kutoka Columbus, Ohio. Alitoka 19 Machi 1964 na ndege ndogo ya injini moja, Cessna 180, akarudi nyumbani 17 Aprili. Njiani akielekea Cairo alitua kwa uwanja wa kijeshi wa siri bila kujua, akazungukwa na wanajeshi, wakamwachilia akaendelea na safari. Na watu wangapi wanamjua? Aliyepotea ana sinema na nadharia za kila aina, aliyefika hana hata nusu ya hizo. Mimi naona hapo kuna ubaya, tunapenda kumkumbuka mwanamke aliyeanguka kuliko aliyerudi salama akapika chakula cha jioni na kulea watoto wake.

Kuna nyingine ya hapa kwetu, kwamba Beryl Markham ndiye binadamu wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Huyo ni msichana wa Njoro, mfunza farasi, aliyefundishwa kurusha ndege na Tom Campbell Black yuleyule wa Wilson Airways. Lakini Jim Mollison alikuwa ameshavuka 1932, akitokea Ireland. Markham aliondoka Abingdon, Uingereza, Septemba 1936, akaruka kama saa ishirini dhidi ya upepo, mafuta yakakosa kufika kwa injini kwa sababu ya barafu, akatua kwa pua kwenye matope huko Nova Scotia. Akawa mwanamke wa kwanza kuvuka hivyo peke yake, na mtu wa kwanza kutoka Uingereza mpaka Amerika Kaskazini peke yake bila kusimama. Inatosha, hatuhitaji kumwongezea.

Kumwongezea mtu sifa ni kosa pia, na wapenzi wa hii historia tunalifanya sana. Mfano ni Katharine Wright, dada yao wale wa ndege. Utasikia ati yeye ndiye alipiga hesabu zote za ndege na kuwalipia gharama. Si kweli. Alikuwa mwalimu wa Kilatini Dayton, mwenye digrii ya Oberlin, wakati ndugu zake wenyewe hawakuenda chuo. Orville alipoumia kwa ajali ya 1908 Katharine aliacha kazi akaenda kumuuguza, halafu akawa mtu wao wa kuongea na wakubwa wa Ulaya. Hiyo kazi ina uzito wake bila hesabu za kubuni.

"Ndege kubwa inataka nguvu za mwanaume."

1944 marubani wa jeshi la Marekani walikuwa wanaiogopa B-29, ndege kubwa ya kudondosha mabomu ambayo injini zake zilikuwa zinashika moto. Afisa mmoja, Paul Tibbets, akachukua wanawake wawili, Dora Dougherty na Dorothea Johnson, akawafundisha kwa siku chache, wakairusha kutoka kambi hadi kambi wanaume wakiangalia. Baada ya hapo visingizio viliisha. Hao wawili walikuwa WASP, kikosi cha wanawake waliorusha ndege za jeshi ndani ya Marekani wakati wa vita. Zaidi ya elfu moja walihitimu, 38 walikufa kazini. Na hapa kuna dhana nyingine, kwamba walikuwa wanajeshi wakaheshimiwa kama wanajeshi. Walihesabiwa raia. Mmoja akifa jeshi halikugharamia mazishi, wenzake walikuwa wanachanga pesa mwili usafirishwe nyumbani, mchango wa matanga kabisa kama tunavyofanya sisi. Walitambuliwa kama wanajeshi wastaafu 1977, na medali ya dhahabu ya bunge wakakabidhiwa 2010, wengi wakiwa wameshazikwa.

Wahudumu wa ndege nao wasidharauliwe. Wa kwanza mwanamke, Ellen Church, 1930, alikuwa nesi na alikuwa na leseni ya urubani. Aliomba kazi ya kurusha, akapewa ya kuhudumia.

"Hayo ni makumbusho ya wasichana."

Peleka wavulana pia, tafadhali. Kijana akijua mapema kwamba sauti ya rubani kwa spika inaweza kuwa ya mama, hatakuwa yule mtu mzima anayeshtuka na kushika kiti.

"Siku hizi mambo ni sawa, hii historia ya nini tena?"

Tuna Kapteni Irene Koki Mutungi, rubani wa kwanza mwanamke wa Kenya Airways, na 2014 akawa mwanamke wa kwanza Afrika kufuzu kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner. Najivunia sana. Lakini ukihesabu marubani wa mashirika ya ndege duniani, wanawake ni kama asilimia 5 au 6. Sheria ya kuwazuia hakuna, kinachozuia sasa ni karo ya shule ya urubani, ambayo mzazi wa kawaida hapa Nairobi akiisikia ananyamaza, na kama ana watoto wawili na pesa ya mmoja tu, mnajua vizuri ni nani atapelekwa.